Chumvi Iliyowekwa Kando

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini goti lako limepunguza kelele na unapanda ngazi bila kugombana nalo. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini ukimwuliza atakwambia anakufa, kwa hiyo usimwulize.

Ulisema nisipokuandikia habari za ulimi wangu utakuja mwenyewe kuukagua. Basi kaa chini, habari ni ndefu.

Wewe peke yako ndiwe niliyekwambia kwamba tangu ile homa sikuwa nikisikia ladha wala harufu ya chochote. Kazini kantini sikushikwa, maana pale tunapima kila kitu kwa kikombe, na vyakula ni vilevile kila wiki. Nyumbani nilipika kwa kukumbuka tu, nikijisifu moyoni kwamba hakuna aliyegundua. Ulinisihi nimweleze mume wangu nikakataa. Mpishi asiyeweza kuonja ni mtu wa kuhurumiwa, nami unanijua, sipendi kuhurumiwa. Tena niliogopa habari zikitoka nyumbani zitafika kazini, na kibarua kiote nyasi.

Sasa, jirani yetu wa ghorofa ya chini, yule mshonaji mzee tunayemwita Bibi Cherehani, ni Myahudi. Kila mwaka alikuwa akila Pasaka yao kwa dada yake, lakini huyo dada amefariki, na wanawe wako mbali. Kitinda mimba wetu, Kidomo, ambaye hushinda kwake akiokota vifungo, alirudi na habari kwamba mwaka huu Bibi atakula peke yake, na kwamba Pasaka hainogi bila mtoto wa kuuliza maswali. Shemeji yako, bila hata kunitazama, akasema italiwa kwetu. Akaongeza kwamba Bwana Yesu mwenyewe aliketi kwenye meza hiyo, sasa sisi Wakristo tuna kisingizio gani. Ukarimu wa mwanamume yule huzidi sana linapokuja suala la kazi za jikoni.

Nilikubali kwa mdomo tu. Vyakula vile sikuwahi kuvipika hata mara moja. Sikuwa na kumbukumbu ya kushika, na ulimi wenyewe umekufa. Nikiharibu, nitajuaje?

Siku ilipofika tulitoa hamira yote na kila chembe ya mkate iliyokuwa ndani, maana Pasaka yao haitaki kitu kilichoumuka. Mkate wa mwisho shemeji yako aliula ngazini, amesimama kama mwizi. Bibi akaja na sahani zake mwenyewe, akasema Mungu anayaelewa majiko ya majirani, akaketi kunielekeza. Matufaha yakatwe madogo, yachanganywe na lozi na asali. Mayai yachemshwe. Maji ya chumvi yawekwe kwenye bakuli. Kila aliponiambia nionje, nilitia kijiko mdomoni nikaitikia kwa kichwa kama mjuzi.

Jioni tukaketi. Bibi akasoma polepole kitabu chake cha Pasaka, tukanywa juisi ya zabibu, tukachovya majani kwenye maji ya chumvi, ambayo alisema ni machozi ya babu zao walipokuwa watumwa Misri. Kisha ikawa zamu ya mtoto. Bibi alikuwa amemfundisha Kidomo maswali yake mpaka akayameza: kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine, kwa nini mkate haukuumuka, na mengineyo. Aliyauliza yote vizuri. Halafu, akiwa bado amesimama, akaongeza la kwake: mbona siku zote chumvi inajaa ndani ya chakula cha mama, na leo imewekwa kando?

Dada, binti yetu mkubwa alimkanyaga mdogo wake chini ya meza, nikasikia. Baba yao akaanza kile kikohozi chake. Nikawatazama mmoja mmoja, nikauliza wamejua tangu lini. Bibi akasema kwa upole kwamba usiku ule maswali hayaachwi bila majibu.

Ndipo shemeji yako akakiri kwamba walijua tangu wiki ile niliyotoka kitandani, nilipowaandalia chai ya chumvi na kunywa yangu hadi tone la mwisho nikiisifu. Aliwakusanya watoto akawaagiza wale, washukuru, wanywe maji. Atakayelalamika ataosha vyombo mwezi mzima. Alisema aliogopa nikijua kwamba wanajua nitaacha kupika, na nikiacha kupika nitabaki mtu asiyemfahamu. Kumbe siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia.

Bibi akasema tuendelee, tukafika kwenye majani machungu. Nilijaza mdomo, maana sikuwa na cha kuogopa. Nikatafuna. Mwanzoni hakukuwa na kitu, kama kawaida. Halafu pembeni mwa ulimi kitu kikanishika, kikaenea mpaka kooni, mwili ukanisisimka. Nikasema ni machungu. Bibi akadhani nalalamika, akanieleza kwamba ndivyo yanavyotakiwa yawe. Nikarudia kwamba ni machungu, ni machungu kabisa, machozi yakinitoka huku mkono ukichukua mengine. Shemeji yako ndiye aliyeelewa kwanza. Akashika pembe ya kitambaa cha meza, kile kipya, akafunika uso na kulia mbele ya mgeni.

Ulimi haujarudi wote. Utamu bado unakuja na kupotea, na harufu ya kahawa naipata nikiinamia kikombe. Lakini daktari anasema ukishaanza kurudi, kwa kawaida haugeuki tena njiani. Nashusha pumzi, dada. Sikujua nilikuwa nimeibana kiasi kile.

Kesho yake nilipika viazi. Nikaonja mwenyewe, nikatia chumvi mwenyewe, nikapakua. Wakaanza kula. Halafu Kidomo akamtazama baba yake, baba akampa ruhusa kwa kichwa, naye akasema chakula hakina chumvi. Dada yake akasema kweli hakina. Shemeji yako akasogeza sahani yake mbele, akasema ikiwa siku hizi watu wanaruhusiwa kusema, basi na yeye anasema. Wameshazoea chumvi yangu ya kuzidi, watu wale. Nikakaa pale nikiwasikiliza wakinilaumu wote watatu, na sijawahi kushiba namna ile.

Wanao wanakuamkia, na Bibi Cherehani anauliza kama hilo goti lako linahitaji mto wa kuegemezea. Litunze, na Mungu akutunze wewe.

Ni mimi mdogo wako,
wa jikoni