Ngozi za Kiangazi

Reno, 9 Agosti

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, na mtoto anapiga teke tumboni kila nikifungua kitabu. Nimekutumia ngozi za sungura wa jangwani. Rafiki yangu amewawinda wiki hii. Nataka mwanangu alale katika blanketi la ngozi hizo utakalolifuma wewe, kama nilivyolala mimi. Kuja siwezi, masomo ya chuo huku mjini yamenibana.

Mjukuu wako,
Delphine

Ziwa Kavu, 24 Agosti

Mjukuu wangu,

Marahaba. Magoti yananitangulia kuamka ili yapate kulalamika. Ngozi zimefika. Nilipozikung'uta, manyoya yakatapakaa jikoni, mjomba wako Wendell akauliza, "Mama, umepasua mto?" Chuo chote hicho, umesahau kwamba sungura wa kiangazi hunyonyoka? Tutawinda Novemba, baridi ikishakaza manyoya. Ila vidole vyangu vimegoma. Kufuma naweza; kusokota vipande vya ngozi viwe kamba, siwezi tena. Asiposokota mtu, blanketi hakuna.

Bibi yako

Reno, 2 Novemba

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Si masomo, Bibi. Kila siku napanga kuja, na kila siku napata sababu. Naona nyuso za watu wetu wakati wa mawindo, na mimi nikishuka garini na tumbo hili, bila mume. Huku hakuna anayenijua, na nimejificha humo.

Mjukuu wako

Ziwa Kavu, 7 Novemba

Delphine wangu,

Marahaba, mama. Watakutazama, ndiyo. Kisha watakurushia ngozi usokote. Jana nilimwona sungura amelala chini ya kichaka, amelaza masikio, akidhani haonekani. Nilimwona, nikampita. Mtoto wake huzaliwa macho wazi, manyoya tayari mwilini. Wako atazaliwa uchi. Barua hii usiijibu. Wendell atakuwa kituo cha basi Jumamosi.

Bibi yako

Reno, 15 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Vidole vimepata nafuu? Somo yako hajambo, ananyonya kama anayedai deni. Nimerudi darasani, naye hulala nyuma yangu ndani ya blanketi. Siku zile za mawindo ulisema ukingo niliousokota mimi una mafundo kama mgongo wa mjusi. Ni kweli. Ndio anaoushika akitaka kulala.

Mjukuu wako,
Mama Ilene