Mkufunzi Wangu Haingii Uvunguni

Mpendwa Shangazi Clothilde,

Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, na usamehe mwandiko, naandikia juu ya boneti ya gari. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nimeendesha basi la shule hapa mjini Eunice miaka kumi na tisa, watoto wakinitapikia mgongoni, mpaka siku moja nikasema imetosha, naenda kusomea ukaguzi wa nyumba zinazouzwa, na Shangazi, sijawahi kufurahia kazi namna hii, darasa nimemaliza, mtihani nimepasi mara ya kwanza, mume wangu Ovide akachemsha kamba sufuria nzima akaalika mtaa, kilichobaki ili nipewe leseni ni nyumba kumi za mazoezi, kila moja isainiwe na mkaguzi mzoefu, na mimi nimebakiza moja tu.

Mkaguzi wangu, nimwite Mzee Alcide, ni mtu wa watu, amenifundisha kusoma nyufa za ukuta na kunusa waya ulioungua, mkewe hunifungia soseji za wali za kula njiani, nampenda kama baba, ila nyumba zetu hapa zimeinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali, lazima mtu atambae uvunguni, na yeye hajatambaa hata mara moja, anainama, anamulika tochi, anaandika "mlango mdogo, hapakufikika". Nyumba tisa nimeingia mimi, zilikuwa nzima, nikanyamaza. Hii ya kumi nimekuta boriti kuu chini ya jiko imeliwa na mchwa, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, nikatoka na matope hadi kwenye nyusi, nikamweleza.

"Dereva," akasema, "mimi nasaini nilichokiona. Ulichokiona wewe ni chako."

"Mzee, huo mlango si mdogo, nimepita na makalio haya!"

"Basi mshukuru Mungu kwa makalio. Andika hapakufikika, nikusainie, ukale keki na mumeo."

Wanaonunua ni vijana waliooana juzijuzi, wanasaini Ijumaa saa nne asubuhi. Nikibisha nakosa sahihi na nampoteza mzee wangu, nikinyamaza napata leseni. Nifanyeje?

Mwenye Matope, Eunice

*

Mwenye Matope,

Hongera kwa mtihani, na hongera kwa makalio. Nimembembeleza mhariri aitoe barua yako gazetini leo Jumatano. Barua ya yule bwana anayegombana na jirani kwa ajili ya jogoo itasubiri.

Sasa nikuseme kidogo. Mara tisa umemwona mzee akiandika uongo, na mara tisa umefunga mdomo kwa kuwa hakuna aliyeumia. Wewe unaita heshima. Mimi naita woga, na umejizoesha vizuri.

Mzee wako si mtu mbaya, ameona haya. Bila shaka tumbo limekua, magoti yamegoma, na hajui kusema "siwezi tena" mbele ya mwanafunzi wake. Mimi macho yalipoanza kufifia nililaumu taa za gari mwaka mzima, kwa hiyo namwelewa, na namhurumia kabisa. Lakini huruma yetu haitazuia sakafu ya jiko kubomoka.

Kwanza picha. Kama hukupiga, rudi chini ukapige. Kisha nenda kwake leo, mkewe akiwa mbali asisikie, usimfedheheshe. Mwambie, "Mzee, andika kwamba mwanafunzi wako ameingia na haya ndiyo aliyoyakuta. Nikipata leseni tufanye kazi pamoja, wewe paa na waya, mimi uvungu." Nadhani anangoja mtu amwambie hivyo. Akikubali, wakumbatie wote wawili, yeye na mkewe.

Akikataa, mwambie usoni kwamba utawaonyesha wanunuzi hizo picha mwenyewe, na uwaonyeshe kabla ya Ijumaa. Halafu tafuta mkufunzi mwingine, uanze nyumba ya kumi upya. Utachelewa wiki tatu, nne. Ovide hatakuacha kwa hilo, na kamba hawaishi.

Na usiniambie eti ni mara hii moja tu. Ukipata leseni kwa kuficha ulichokiona, nyumba ya kumi na moja utaingia uvunguni kutafuta nini?

Weka gazeti chini, mama. Wale vijana wanasaini keshokutwa.