Pikapu Yako Iko Juu ya Magogo

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mtoto uliyemlea wewe hawezi kuanza maneno bila shikamoo.

Pikapu yako ipo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kabla hujaniuliza nimekula nini. Iko hapahapa uani Mwanga, juu ya magogo manne, waya wa betri nimeuchomoa. Kila Jumamosi naurudisha, naiwasha, inanguruma robo saa, naizima. Majirani wameshazoea, hawachungulii tena.

Kazi yangu iliisha wiki mbili baada ya kukuzika. Mradi ulifungwa, tukapeana mikono, basi. Mwezi huohuo bima ya pikapu nayo ikaisha. Kila mtu akawa na ushauri mmoja: uza. Wengine wakaninong'oneza niitumie kimyakimya, nibebe dagaa alfajiri kutoka ufukweni Bangwe kabla trafiki hawajaamka. Mimi, Baba? Binti wa mtu aliyeacha gari kwa fundi akarudi kwa miguu kwa sababu taa moja ya nyuma imeungua?

Nikafanya ulichokuwa ukifanya na mtumbwi. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, basi mlikuwa mnaupandisha mchangani juu ya magogo, mnaziba nyufa, mnangoja giza. Nikiwa mdogo nilikuuliza kama mtumbwi umekufa. Ukasema, "Umepumzika. Kilichokufa hakizibwi nyufa."

Halafu nikaenda ofisi ya kodi na barua: gari la marehemu limesimama, halifanyi biashara, msimamizi wa mirathi ni mimi. Dada wa dirishani alishangaa. Alisema wengi huja gari likiwa limesimama miaka, wanalia kwamba wamekadiriwa kodi ya biashara ambayo haikuwepo. Nakala yangu ikagongwa muhuri, ninayo kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya gari. Na bila bima, pikapu haigusi barabara. Nilijiapiza hivyo.

Sasa sikia kilichotokea siku ya arobaini yako.

Asubuhi nilitoka kufuata mchele sokoni. Kurudi, nakuta turubai limejaa ua mzima na pikapu iko nje ya geti, barabarani kabisa. Baba mdogo Rajabu alikuwa ameishusha kutoka kwenye magogo, wakaisukuma nje ili wageni wapate nafasi. Akaniambia, "Nani atakamata gari la marehemu siku ya dua yake?" Na nyuma yake, mkekani, kavaa kanzu nyeupe, nani? Yule askari wa barabarani uliyekuwa ukimchagulia dagaa wakavu. Aliitazama pikapu, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Leo nimekuja kama mgeni, dada. Kesho nitapita hapa nikiwa askari."

Ningeweza kungoja hiyo kesho. Nilikataa. Ile barua ina saini yangu na jina lako, na inasema gari limesimama. Nikasema mbele ya shehe na wazee wote: gari kwanza, dua baadaye. Baba mdogo akasema, "Unatuaibisha kwa ajili ya bati hili?" Nililia, Baba, sikufichi. Lakini sikusogea pale getini.

Aliyenyanyuka kwanza ni Mzee Bilali, uliyevua naye miaka yote. Alikunja kanzu yake hadi magotini, akaweka mkono kwenye bodi ya pikapu, akaanzisha ule wimbo wenu wa kupandisha mtumbwi. Wavuvi wa Bangwe wakaitikia. Turubai likainuliwa upande mmoja, pikapu ikaingia, ikapandishwa juu ya magogo yake. Askari alisukuma na kanzu yake nyeupe. Mwisho hata Baba mdogo akasukuma, tena kwa nguvu kuliko wote, ili ionekane wazo lilikuwa lake.

Nafasi ikawa hakuna. Tukatandika mikeka nje, kando ya ukuta, dua ikasomwa hapo na pilau ikaliwa hapo. Gari limekaa kivulini chini ya turubai la kukodi, wageni wako wameketi juani. Ungecheka mpaka kile kikohozi kikukamate.

Kazi bado sijapata, ila nimeitwa kwenye usaili sehemu moja, na siogopi. Nikipata, bima nitakata kwanza kabla sijagusa gogo hata moja.

Pumzika, Baba yangu. Siku nikikata bima nitawaita walewale wa Bangwe. Walioipandisha kwa wimbo waje waishushe kwa wimbo. Na safari ya kwanza haitakuwa ya dagaa. Nitapita makaburini kwako, polepole, taa zote zinawaka, hata ile ya nyuma.

Binti yako,
Zuhura