Mzee Kwahiyo Akosa Jibu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana, nikitumaini u mzima na goti limeacha kukusumbua. Huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, anasema kitambi changu sasa kinafika mlangoni kabla yangu. Mwili mzima, moyo ndio unachemka, na nimeshika kalamu kabla haujafurika.

Kazi yangu unaijua: miaka ishirini na miwili natafuta kasoro katika hoja za watoto wa watu na kuzipiga mstari mwekundu. Wanafunzi wananiita Mzee Kwahiyo. Basi juzi bodi ya shule ilikaa kuamua kama binti wa kidato cha tatu, aliyejifungua miezi minne iliyopita, arudi darasani. Mimi ndiye katibu.

Mwenyekiti ni seremala aliyetutengenezea madawati, na yote yanayumba. Alisema tukimrudisha mmoja, mwakani tutajenga wodi ya wazazi nyuma ya maabara. Pembeni mwa kumbukumbu nikaandika kwa wino mwekundu: katutelezesha hadi bondeni bila kuonyesha njia. Muuza dawa, mwakilishi wa wazazi, akasema ama tulinde maadili ama tufunge shule. Nikaandika: njia zipo nyingi, mbili katuonyesha, nyingine kaficha. Matroni akamtetea binti, kwamba bibi yupo wa kulea. Muuza dawa akamkatiza, "Wewe mama hujazaa, utajua nini?" Matroni akainamia mkoba wake. Nikaandika: kampiga msemaji, hoja hajaigusa. Karatasi ikatoboka. Watu wazima wanane, na hakuna aliyemtaja baba wa mtoto. Yuko kidato cha nne, anacheza winga, kila Jumamosi tunampigia makofi.

Nikaomba ruhusa, nikawasomea kasoro zao zote kwa sauti. Wakacheka, hata seremala. Nikavimba kama andazi. Ndipo muuza dawa, kwa upole kabisa, akasema, "Mwalimu, huyu akirudi, wenzake watajifunza kwamba kosa halina gharama."

Kalamu ikaganda. Kasoro yake niliiona: kachukulia kwamba binti hajalipa kitu, wakati hilo ndilo lilikuwa la kuthibitishwa. Wakanisubiri. Nikaifunika kalamu. Kikao kikaahirishwa hadi Ijumaa.

Sasa nikuambie kilichonifunga mdomo. Miaka yote unaamini marehemu baba ndiye aliyekataa urudi shule baada ya kumzaa mpwa wangu. Si kweli. Baba alikuwa amekwisha kukununulia madaftari. Akaniita mimi, msomi wake, akaniuliza naonaje. Nikamjibu kwamba ukirudi, wadogo zetu watajifunza kwamba kosa halina gharama. Hivyo hivyo, neno kwa neno. Baba akaona kijana wake ana akili sana. Hakubisha. Madaftari yale niliyamaliza mimi.

Kumbe aliyestahili hasira ile yote niliyoimwaga pembeni mwa karatasi ni mimi, niliyekaa kiti cha katibu. Ijumaa nitasimama niwaeleze hoja ile ilimgharimu nini binti mmoja, na nani aliitoa. Jina lako sitalitaja. Lakini sikutaka wageni wayasikie haya kabla yako.

Mpe mpwa wangu salamu za mjomba, na umweleze haya ukiona inafaa. Usinisamehe upesi kama ulivyozoea. Ukitaka kunitukana, piga simu. Kikao ni saa nane, asubuhi yote nitakuwa nimekaa karibu na simu.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Kwahiyo