Skrubu ya Nne

Jinja, 6 Mei 1987

Shemeji Nafuna,

Salamu nyingi. Kuku uliyenipa ameanza kutaga. Barua hii nampa dereva wa lori, maana posta itachelewa.

Umeandika kwamba mguu wa kaka Ouma umevimba penye lile bamba la titani lililounga mfupa wake, na unatoa maji ya rangi ya kutu. Titani haishiki kutu, shemeji. Daktari alipokosa skrubu moja ya kulifungia bamba, alinipa kipande cha titani nichonge. Nikakiharibu. Kwa aibu nikachonga nyingine ya chuma cha karakana, nikaing'arisha, nikanyamaza.

Kaka huwaonyesha wageni kovu akisema, "Humu mna kazi ya Enos."

Mpeleke hospitali leo. Daktari aanze na skrubu ya nne kutoka gotini. Kazi ya Enos ndiyo hiyo.

Shemeji yako,
Enos