Ngano Juu ya Bati

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mumeo na mtoto hawajambo? Mimi mzima wa afya, upweke tu.

Mama yako ametimiza miezi minne tangu atutoke, na bulga ya ngano aliyoiacha imekwisha jana. Nimekomba debe mpaka nikasikia bati. Gunia la ngano lipo, lakini ngano si bulga. Mimi fundi wa kuchomelea vyuma. Jikoni nilikuwa mlaji tu. Alikuwa anafanyaje? Na usiniambie ninunue mkate. Mkate, saa nne njaa imerudi. Bulga inanifikisha jioni.

Baba yako

19 Februari

Shikamoo Baba,

Sisi hatujambo. Barua yako imenichekesha, kisha ikaniliza. Hata mimi sijui vizuri, Mama alikuwa akinifukuza jikoni nikasome. Ninachokumbuka: osha ngano, ichemshe mpaka punje zivimbe bila kupasuka, mwaga maji, anika juu ya bati siku tatu mpaka ziwe ngumu kama changarawe. Nyunyizia maji kidogo, twanga kutoa makapi, pepeta, halafu zivunjevunje.

Lakini Baba, ya nini yote hayo? Chumba chako hapa tumeshakipaka rangi. Funga nyumba, uje. Mtu wa miaka sabini na moja hapandi ngazi kuanika ngano.

Mwanao

30 Aprili

Shikamoo Baba,

Hii ni barua ya tatu hujajibu. Simu yako haipatikani. Silali, sili. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

14 Mei

Marahaba mwanangu,

Nipo. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukudanganya.

Siku ya kumwaga maji ya ngano, sufuria ilinishinda. Nikaungua mguu, goti mpaka kisigino. Mama mshonaji, jirani yetu, akasikia ukelele wangu, akanifikisha zahanati. Aliporudi akaokota ngano iliyosalia, akaianika yeye. Wiki sita nimelala, na kila asubuhi ananipitia kunifunga dawa na kunisema: "Nusu gunia kwenye sufuria moja! Mzee, ulikuwa unalisha jeshi?"

Nilipoweza kukaa, nikatwanga. Mara ya kwanza nikapata unga. Ya pili, makapi yakagoma kutoka. Ya tatu ikatoka sawasawa, nikakaanga kitunguu, nikatia kikombe cha bulga na viwili vya maji, nikafunika, nikajizuia kukoroga. Ikaiva, ikachambuka punje punje. Mama mshonaji akaonja, akasogeza sahani aongezewe.

Ya mama yako ilikuwa laini zaidi. Lakini hii nimeipika mimi, na nimekula nikashiba kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Najua utasema ndiyo hayo uliyoyaogopa. Ni kweli. Hata hivyo sihami, mwanangu. Chumba mpe mtoto. Usinikasirikie.

Baba yako

2 Juni

Shikamoo Baba,

Nilikasirika wiki nzima. Niliandika barua mbili za ukali, nikazichana. Mume wangu akaniuliza, "Wewe ungekubali kuhamishwa kama kabati?" Kesho yake nikaomba likizo.

Mshukuru sana mama mshonaji. Kitambaa cha kumzawadia nimeshanunua, nitamletea mwenyewe.

Kazini wamenipa likizo ya wiki mbili. Nitafika tarehe kumi na nane, na mtoto mgongoni. Siji kukuchukua, Baba. Nakuja unifundishe kupika.

Mwanao