Sufuria Yangu kwenye Maombi ya Sabitri

Jumatano, 4 Juni 2014

Sabitri kapanda ngazi asubuhi, hata viatu hajavaa. Jumapili wana maombi yao ya Kihindu huko chini, watu sitini, na sufuria yake kubwa imetoboka. Niazime yako, shoga. Nikampa papo hapo! Mwenye nyumba wangu miaka kumi na moja — angeomba kitanda ningempa.

Wifi yake, Dularie, kafika kutoka kwetu Guyana, mjini Georgetown. Nilimsalimia, akaitikia puani. Baadaye nikamsikia jikoni — sakafu za nyumba hii nyembamba — anauliza kwa nini mpangaji ni mtu mweusi, kwani Wahindi wa Guyana wamekwisha hapa ughaibuni, Queens? Sabitri akamjibu: huyu naye Mguyana, tena ananishinda mimi kupika roti, hizi chapati zetu. Nilicheka peke yangu. Kisha nikanuna.

Ijumaa, 6 Juni

Mungu wangu. Nguruwe!

Nilikuwa nakata kitunguu ndipo nikakumbuka. Sufuria ile ndiyo ya pepapoti, mchuzi wetu wa nyama wa Krismasi — miguu ya ng'ombe, mikia ya nguruwe, siku tatu motoni. Kila mwaka! Na wao wiki nzima hawagusi hata yai kwa ajili ya maombi. Nimekulia Berbice, huko Guyana, ukuta kwa ukuta na Wahindi, haya nayajua tangu utotoni. Nilisahauje?

Nikashuka nimwambie Sabitri faraghani. Wapi! Dularie kasimama pale pale, anauliza sufuria ya nani. Yeye hali kilichopikwa kwenye chombo cha mtu mweusi, hujui walipikia nini. Sabitri hakupepesa jicho.

"Yangu, wifi. Nimenunua juzi."

Akanikonyeza. Nikarudi juu na maneno yangu mdomoni.

Nina hasira! Yule mama kanitukana — halafu safari hii kapatia. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 8 Juni, saa kumi jioni

Wamekula. Nami nimekula nao, kari saba kwenye jani la yungiyungi. Sikusema. Dularie kaongeza mara mbili, kasifu malenge ya sufuria yangu! Nusura nicheke, nusura nilie.

Kisha akaenda kuosha vyombo. Nikapanda juu upesi. Marehemu mume wangu Clyde alichonga jina langu kwenye kila chombo, kisije kikapotelea kanisani. Na pale chini ya sufuria, herufi kubwa: ODESSA.

Nikasikia maji yamefungwa. Halafu ngazi.

Yuko nje ya mlango sasa. Naandika huku nikimsikiliza.

"Fungua, mama. Sitaki ugomvi. Niambie tu, humu mlipikia nyama?"

Sabitri naye kafika, anahema.

"Nilikudanganya mimi, wifi, nigombeze mimi. Ila nyama, hapana. Odessa angeniambia. Miaka kumi na moja! Angeniambia."

Sabitri anagonga mlango.

"Si ungeniambia, Odessa?"